Kigoda cha Mjomba Muhidin

Tabora, 4 Machi 1956

Mjomba Muhidin,

Shikamoo. Mimi sijambo, wasiwasi ni wewe na baridi ya Mazwi. Kazi ya reli inakwenda. Ngumi ndizo zimenishinda. Kengele ikilia mikono inatetemeka, na mwalimu wa hapa ananiita mwoga mbele za watu. Huko kwetu raundi ikiisha nilikaa kwenye kigoda, ukasimama mbele yangu, ukanifuta uso, ukasema, "Pumua kwanza." Hapa niko peke yangu kabisa. Idi Mosi napigana na askari mmoja wa polisi. Njoo, Mjomba. Usipokuja, nazivua glavu moja kwa moja.

Mpwa wako,
Lukmani

Mazwi, Sumbawanga, 2 Aprili 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni mafua tu. Lori la Bashiri likienda Mpanda nitalipanda, nishike treni. Kutetemeka si uoga. Hata mimi nilitetemeka siku ya kwenda kuposa, na mke nikapewa. Huyo mwalimu mwache apige domo.

Mjomba wako,
Muhidin

Tabora, 14 Mei 1956

Mjomba,

Shikamoo. Hali yangu ni hii: nilikungoja stesheni mpaka watu wakaisha. Akashuka utingo wa Bashiri na kigoda chetu, akasema umemtuma aniambie kwamba nikikaa, nijue umesimama mbele yangu. Nilikasirika, nusura nikitie motoni.

Nilikwenda nacho hata hivyo. Mikono ilitetemeka vilevile. Nikakaa, nikafumba macho, nikapumua. Nimeshindwa kwa pointi, Mjomba, ila kengele ya mwisho ilinikuta nimesimama, na glavu sijazivua. Lakini nilipofumbua macho, mbele yangu hapakuwa na mtu. Nini kilikuzuia? Kigoda nitakirudisha.

Mpwa wako,
Lukmani

Mazwi, 9 Juni 1956

Mpwa wangu,

Marahaba. Hasira yako ni haki yako. Bashiri alinikuta mlangoni nimeshavaa kanzu. Kupanda lori ndiko kulikonishinda. Miguu imevimba tangu masika yaanze, kutoka kitandani hadi dirishani naenda kwa kushika ukuta. Sikutaka uingie ulingoni na maradhi yangu kichwani.

Kigoda usikirudishe, hapa hakina wa kukikalia. Gunia lako la mazoezi liko uani, kuku ndio wanaolilalia. Nyumba kimya, Lukmani. Nikisikia lori nadhani ni wewe.

Mkirudiana na huyo askari, niandikie siku na saa. Kuja sitaweza. Ila saa hiyo nitashika ukuta nisimame, wewe ukae.

Mjomba wako,
Muhidin