Mipira ya Uma wa Mbele

Tarehe 6 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Huku hatujambo. Paka amezaa tena ndani ya kabati langu la nguo.

Utasema ningepiga simu. Simu ni ya salamu, mambo ya ufundi yanataka karatasi. Ile baiskeli yangu ya mlima, niliyozunguka nayo vilimani nikisoma mita za maji za watu hadi nikastaafu, imekufa mbele. Nikiegemea usukani, uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, unazama na haurudi. Fundi Spoki amefungua vifuniko vya juu, akachungulia, akasema, "Mama Mita, humu umeficha ubani?" Ile mipira inayofanya kazi ya springi imeyeyuka ikawa ulimbo. Tumeichokoa kwa kijiti na kitambaa. Anasema haiuzwi tena popote, nifunge uma wa chuma usiocheza.

Mimi na uma usiocheza! Mwezi wa saba kuna mashindano ya kupanda kilima cha tangi la maji, na safari hii wameweka kundi la waliovuka miaka sitini. Nimeshajiandikisha. Wewe si ndiye unayemimina mipira ya mashine huko kiwandani? Nakutumia kipande kilichosalimika. Utaweza?

Mama yako

Tarehe 20 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Msalimie Spoki, mwambie asiguse chochote.

Eti nitaweza? Mama, siku hizi namimina mipira inayokaliwa na mashine kubwa kuliko nyumba yetu. Nilimwonyesha msimamizi kipande chako, akakinusa, akasema, "Hiki kina umri wako." Ameniruhusu nitumie mabaki wakati wa mapumziko.

Lakini nahitaji kitu kimoja. Ugumu wa mpira unafuata uzito wa mwendeshaji. Mzito akipewa laini, uma unagonga chini. Mwepesi akipewa mgumu, haushuki. Nitumie uzito wako. Wa mizani, si wa kukisia.

Mwanao

Tarehe 3 Machi

Marahaba mwanangu,

Afya tele, na vitoto vya paka vimefumbua macho. Uzito ni ule ule, kilo sabini na mbili. Mama yako habadiliki kama jiwe la kusagia. Fanya haraka, kilima hakinisubiri.

Mama yako

Tarehe 4 Aprili

Shikamoo mama,

Pole kwa kusubiri, nawe pole na paka. Mzigo ndio huo. Nilimimina, nikakata, nikatupa, nikamimina tena. Kundi la kwanza lilikuwa na mapovu ndani kama mkate. Vipande hivi vya sasa, hata msimamizi amevigeuza mkononi akitafuta kasoro, akavirudisha bila kuiona.

Vyekundu ni vigumu, vya bluu ni laini. Vipange kwenye ile fimbo ya ndani ya uma kwa kupishana, mguu wa kushoto sawa na wa kulia. Usikubali Spoki apake grisi ya magari, itaula mpira. Ukimaliza, funga uzi kwenye bomba jembamba la uma, panda taratibu, shuka, uangalie uzi umesogea kiasi gani. Upana wa kidole ndio sawa.

Mwanao

Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mzigo umefika, na mtaa mzima umeuona, maana nimeuanika mezani uani kama vito. Mikono yako imekuwa ya fundi kamili. Kingo zake zimenyooka kuliko mshono wa kiwandani.

Ila uma umekaza kama nguzo ya umeme. Uzi umesogea unene wa sarafu, basi. Spoki kasema, "Mwanao kakumiminia mawe." Nimemfukuza, ingawa bisibisi yake nimebaki nayo. Labda huko kwenye baridi mpira unakuwa laini, ukifika kwenye jua unakaza?

Mama yako

Tarehe 6 Mei

Shikamoo mama,

Mpira kwenye jua hulegea, haukazi.

Nilikosa raha nikidhani nimekosea. Nilivibakiza vipande viwili vya kundi lile lile, nikavikandamiza mbele ya msimamizi. Viko sawasawa. Nikarudia hesabu kwa kuanzia kwenye ule unene wa sarafu. Mama, aliyepanda baiskeli hiyo hafiki kilo sitini.

Ni nani huyo? Tafadhali usinijibu habari za paka.

Mwanao

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Umengoja jibu, najua. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika, nimeikosa, basi naandika hivi hivi.

Ni mimi. Januari nililazwa, nikapasuliwa tumbo, wakatoa uvimbe. Haukuwa ule mbaya, majibu ninayo. Wewe ulikuwa na mtihani wa kuthibitishwa kazini, nami nakujua, ungeacha kila kitu upande ndege. Nikasema nitakuambia siku nikiwa juu ya kile kilima, uipate habari na dawa yake kwa pamoja. Nina kilo hamsini na sita. Sketi zangu nazifunga kwa pini.

Barua yako ilinikasirisha. Halafu nikacheka hadi mshono ukauma. Wapo wanaoniona kila siku na kuniambia nimependeza. Wewe uko mbali kote huko, umenipima kwa kipande cha mpira! Nimempelekea Spoki barua aisome. Kaisoma, kavua kofia, kasema, "Mawe nayafuta." Daktari ameniruhusu kupanda, mradi nikichoka nishuke.

Mama yako

Tarehe 25 Juni

Shikamoo mama,

Pole. Pole sana. Nimeandika barua nyingine kabla ya hii, zote zina kelele, nimezichana.

Sitakuambia usipande. Nimekulia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo, najua ungejibu nini. Hivi ni vya bluu vitupu, vya kilo hamsini na sita. Nimevimimina leo, nimevituma leo. Msimamizi ndiye aliyelipia stempu, kasema ni kwa heshima ya mwenye uma.

Ukichoka, ushuke.

Mwanao

Tarehe 24 Julai

Marahaba mwanangu,

Sijambo, na safari hii ndivyo ilivyo kweli.

Siku ya mashindano uma ulikuwa unapumua. Kila jiwe ulilipokea, ukalishusha, ukarudi. Kwenye kona ya mwisho nilichoka, nikashuka kama tulivyokubaliana, nikaisukuma, nikapanda tena pale kwenye tambarare. Wanawake wawili walinitangulia. Mmoja ni mwalimu wa michezo, huyo simhesabu.

Juu pale mwamuzi aliinama akaukandamiza uma kwa mkono, akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia, "Mpira wake haununuliwi. Mwanangu kaumimina." Akauliza kama unapokea kazi. Nikasema una shughuli nyingi, lakini nitakuombea nafasi. Spoki alikuwa nyuma yangu anaitikia kwa kichwa kama vile ndiye aliyekuzaa.

Jana uma ulianza kugonga chini kwenye lile shimo la sokoni. Nikaenda dukani kwa muuza nafaka, nikavua viatu, nikapanda kwenye mizani yake mbele ya wateja. Kilo sitini na moja.

Mimina tena, mwanangu. Changanya na vyekundu.

Mama yako