Kijerumani cha Kanisani

Lindenbach, Transilvania, Romania
Novemba 2012

Kwako dada yangu Regina,

Natumai barua hii itakukuta umeshaacha mkongojo, na ile nyonga waliyoipasua imetulia. Mimi mwili ni mzima, kwingine usiniulize. Baridi imewahi mwaka huu na kuku wameacha kutaga. Jirani yetu Doina anakusalimu sana. Ndiye aliyenipikia supu siku zile nilizoshindwa hata kuwasha jiko. Nisalimie shemeji na watoto.

Barua yako nimeipata. Unasema Simon amekuambia kwamba mama alikufa ameushika mkono wake, nawe unataka kujua alimwambia nini mdogo wetu baada ya miaka yote ile. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Lakini umeniuliza, na kudanganya sijui.

Ni kweli alimshika mkono.

Unajua macho ya mama yalikuwa yamekwisha, akabaki na masikio. Na masikio yenyewe yalikuwa makali mpaka mwisho: mtu wa kijiji cha pili akiomba mkate tu, mama ameshamtambua, anamcheka, eti kule wanaongea kama wana uji wa moto mdomoni. Kila nilipomwambia Simon yuko njiani, alinijibu nisihangaike kumtambulisha, mwanawe atamjua kwa sauti. Siku hizohizo alikuwa pia akimsubiri mchungaji aje na Chakula cha Bwana. Huyo siku hizi ana vijiji vingi, huja akipata nafasi.

Simon alifika Alhamisi asubuhi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kusema. Alisema maneno mazuri, Regina, ila aliyasema kwa Kijerumani cha kanisani. Sisi hapa nyumbani ni Kisaksoni chetu tu, Kijerumani kile tulikisikia wapi zaidi ya mimbarini na shuleni? Nani amewahi kukiongea kitandani kwa mama yake? Mama akajikaza, akajifunga kitambaa chake vizuri, akasema, “Karibu, Mchungaji. Umewahi. Mwanangu bado hajafika.”

Nikamwambia kwamba huyo ndiye Simon. Akanigombeza. Akasema nisimbembeleze kama mtoto mchanga, Simon ni wa nyumba hii, na watoto wa nyumba hii wanaongea kama watu. Akaupapasa ule mkono, akauona laini, mkono wa mtu wa vitabu, basi kwake ikawa imethibitika. Simon kwa kuchanganyikiwa akajaribu maneno mawili matatu ya Kisaksoni chetu aliyoyakumbuka tangu utotoni, yakatoka yamevunjikavunjika. Mama akatabasamu. Akaniambia huyu mchungaji mpya ni mtu mwema, anajitahidi. Yule wa zamani hakuwahi hata kujaribu.

Simon akanitazama, kisha akaendelea kuushika mkono wa mama.

Kisha mama akaanza kuungama. Akamwomba mchungaji, Simon akifika, amwambie asijilaumu kwa kuchelewa. Amwambie hakumtoa kwa kukosa kumpenda. Mwaka ule kijiji kizima kilikuwa kinahamia Ujerumani, baba hajiwezi kitandani, akaona heri mtoto aende nawe, dada yake, akapate maisha. Mwisho akauliza kama Mungu humsamehe mama aliyempa mtu mwingine mtoto wake wa miaka mitano. Simon akamjibu kwamba amesamehewa. Ilimbidi ajibu kwa lugha ileile, na mama akaitikia Amina. Alikata roho jioni, uso ameuelekeza mlangoni, akimsubiri mwanawe.

Sasa nitasema lililo moyoni. Ulinisimulia mwenyewe jinsi watoto wa kule walivyomcheka Simon na kumwita Mromania, ukampiga marufuku kusema Kisaksoni hata jikoni. Kwenye simu ukawa unaongea wewe, salamu zake unazibeba wewe, yeye anakohoa tu pembeni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Najua ulitaka asidharauliwe. Nakulaumu hata hivyo, dada. Nimejaribu kutokukulaumu, nimeshindwa.

Kesho yake, mama akiwa amelazwa sebuleni na mavazi yake meusi ya Jumapili, Simon aliniomba nimfundishe kusema: Mama, ni mimi Simon, nimefika. Nikamfundisha. Alirudia asubuhi nzima kama mtoto wa shule, mpaka akaipata sauti ya kijiji chetu hasa. Doina alipoingia akaniuliza ni mtu gani wa hapa anayeongea ndani ambaye yeye hamjui. Kisha Simon akaenda kusimama mbele ya jeneza, akasema. Hakukosea hata neno moja.

Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Mungu akuponye upesi. Na ukipiga simu, tafadhali, usiniongeleshe Kijerumani chenu cha huko. Tangu mama aende, mtu wa kuongea naye Kisaksoni nimebaki na wewe tu.

Mdogo wako,
Agnetha