Wakonyo amekunywa

Saumu uko? Wakonyo amekunywa. AMEKUNYWA!

Wewe wa mjini ngoja nikueleze. Gicheru, yule Wakonyo humringia, amefika na watu wake kwa kina Wakonyo huko Giakanja na muratina, pombe yetu ya kienyeji ya kuposa. Kwetu msichana akiionja mbele ya wazee, amekubali kuolewa.

Sasa yeye ametoka chumbani akikariri sheria ya mikataba ya mtihani wake, koo limemkauka, akashika pembe ya muratina bila kuangalia akapiga funda. Vigelegele!

Ati "Sikuwa na nia!" Babake akamwambia, "Wiki nzima unatusomea kwa sauti ati mtu hukubali hata kwa vitendo."

Wakili wetu amenaswa na sheria yake mwenyewe!!

Nikamnong'oneza, "Sema ulikosea, bado kuna nafasi."

Saumu wee, Wakonyo akamwangalia Gicheru. Akapiga funda la pili.