Mrenda Wetu Umekuwa Dawa ya Magoti

Nasambu uko? Wacha chenye unafanya.

Ile picha yangu ya mboga yetu ya mrenda wa hapa kwetu Malava, ile niliposti Pasaka, kuna jamaa ameiiba Facebook. Anatangaza nayo dawa ya magoti! Ati ni mmea adimu kutoka Brazili. BRAZILI!! Na petikoti ya Mama imeanikwa hapo nyuma kwa fensi, inaonekana yote.

Nikamwandikia, "Hiyo picha ni yangu, itoe." Akajibu, "Karibu kastoma, nikuwekee chupa ngapi?"

Chupa ngapi, Nasambu! Mrenda tunaopikanga kila siku!

Nikakimbilia Mama nimwonyeshe huyo mwizi. Akavaa miwani, akaangalia picha, akaona petikoti yake.

Halafu akainama, akatoa chupa chini ya kitanda.

"Na vile inanisaidianga, Risper."