Rivasi ya Baba

Jumamosi, mwezi wa sita. Baridi ya Sumbawanga leo haina adabu. Upepo umevuma tangu alfajiri, mikono yangu imepasuka, na bado nina furaha mpaka naona aibu kuiandika.

Leo baba ameenda shambani na kurudi mwenyewe.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Milanzi, mageti na madirisha ndiyo yanayonilisha. Mwaka jana baba alianguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini mguu wa kulia ukagoma kukunja, na shamba letu la mahindi na maharage liko kilimani, mwendo usiowezekana kwa fimbo. Akaanza kushinda uani anaangalia kuku. Baba yangu, mtu aliyekuwa akimwamsha jogoo! Niliogopa. Nilimwona anaisha huku namtazama.

Ndipo nikamuundia kigari cha magurudumu manne. Fremu ya mabomba, matairi mapana, breki ya mguu nikaihamishia mkononi. Injini nikaweka ya bodaboda, kwa sababu ilikuwepo, na kwa sababu mimi nikishapata wazo simsikii mtu. Fundi Konradi, jirani yangu anayetengeneza pikipiki, aliniuliza: "Dada, na kurudi nyuma je?" Nikamjibu kwamba baba anakwenda shambani, haendi kuegesha mjini.

Haya sasa. Njia ya shambani ni nyembamba, matuta huku, michongoma kule, na mwisho wake ni korongo. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma; mwenye nayo akikwama anashuka, anaigeuza, anaondoka. Baba atashukaje? Siku moja akafika ukingoni mwa korongo akabaki hapo hapo, mpaka vijana waliokuwa wakivuna wakaja kumgeuza. Walimnyanyua yeye na kigari chake kwa pamoja, kama gunia. Walifanya kwa heshima, shikamoo mzee kibao. Lakini jioni akaniita. "Kigari ni kizuri, mwanangu. Kitafutie mtu mwingine."

Akarudi kwa kuku wake.

Mama naye akanipa jingine, anacheka huku anachambua maharage: eti Mama Yusta wa njia panda, aliyekua pamoja na baba tangu utotoni, analalamika kwamba mzee alipopata usafiri alikuwa anaitwa anapita tu bila salamu. Nikacheka na mimi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye injini.

Nilianza na ya bajaji. Ina rivasi yake, na vipuri vipo kila kona. Nikaazima bajaji ya mtu, nikapakia gunia la mahindi, nikaipandisha kilima kile. Ilihema kama mgonjwa, katikati ikazima. Konradi akashauri tubaki na injini ile ile ya bodaboda, tuongeze mota ya umeme ya kusukuma kigari nyuma. Nikaona tunaongeza vitu vya kuharibika tu, na baba si mtu wa vitufe. Ikabaki ya guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo. Ina nguvu, na nyuma yake kuna kiboksi cha gia chenye wenzo wa rivasi, unauvuta kwa mkono. Ni nzito, sawa, ila kilimani uzito si ugomvi. Lakini nani anauza injini nzima ya guta mjini hapa?

Mama Nasra alikuwa nayo. Familia yake ina duka la vipuri na malori ya kwenda Laela, na nyuma ya ghala lao kulikuwa na guta lililopinduka, bodi imejikunja, injini haijaguswa. Nilikwenda nimejiandaa kubembeleza. Aliposikia ni kwa ajili ya baba, akauliza, "Yule mzee aliyekuwa akituletea maharage?" Ndiye. "Basi njoo na spana zako. Geti langu linapiga kelele, utalitazama ukipata nafasi." Nilitoka pale mbio kufuata spana, na injini ikahamia kwenye kigari.

Leo asubuhi baba amepanda kwa kununa, ili tu mama anyamaze. Nikamwonyesha wenzo. Akaondoka. Mimi nikafuata kwa mbali kwa miguu, najifanya naenda dukani.

Pale njia panda Mama Yusta alikuwa anaanika mahindi. Akamwita. Baba akampita. Kigari kikaenda mbele kidogo, kikasimama. Nikajua kimezima! Mara nikasikia mlio wa rivasi. Baba huyoo, anarudi kinyumenyume, taratibu, shingo imekakamaa, mpaka mlangoni kwa watu. Akazima injini ili mikono yote miwili iwe huru, akapiga makofi, salamu yetu ya kimila, wakaanza kuulizana kwa Kifipa habari za watoto, za mavuno, mpaka za mbuzi.

"Kumbe unajua kurudi!" Mama Yusta akamwambia.

"Nilikuwa sina gia," baba akajibu, na wakacheka wote wawili.

Mimi nilikuwa nyuma ya mchongoma nafuta machozi kwa glovu yenye masizi.

Amerudi ugali umeshapoa. Mama akamwuliza vipi korongo. Akasema korongo lipo, amerudi nyuma mpaka penye nafasi, akageuza. Basi, hayo tu. Halafu akatupa habari za watu mpaka chai ya jioni: nani anaumwa, nani kaozesha, nani kanuna kwa sababu alipitwa mara ya kwanza na leo ameombwa radhi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Nasra, ambaye geti lake litanyamaza wiki hii. Namshukuru Konradi, ambaye mpaka sasa hajanitamkia "nilikuuliza mimi," ingawa namwona linamwasha ulimini.

Kesho tukitoka misa namfungia baba kioo cha pembeni. Shingo yake haigeuki vizuri, na kwa nilivyoona leo, atakuwa anarudi nyuma zaidi kuliko anavyokwenda mbele.