Mnara wa Taa wa Mwalimu, Mtaa wa Beu

Jumanne. Mvua inanyesha tangu mchana, na manyoya yangu yananuka gunia bichi. Watu hudhani paka hana moyo, ana tumbo tu. Leo hata tumbo limekataa.

Mimi ni paka wa Mwalimu Désiré, anayefundisha jiografia hapa Beni, mashariki mwa Kongo. Mke wake na watoto walihamia Butembo, kule Vulamba, risasi zilipoanza kusikika karibu. Yeye kazi ya serikali imemfunga hapa Beu, kwa hiyo tumebaki wawili. Wengine wana blogu za siasa na mpira. Mimi naandika kuhusu mwanamume anayependa minara ya taa.

Na si kupenda kidogo. Ukuta mzima umejaa picha za minara alizokata kwenye kalenda na magazeti, mingine myeupe, mingine ya mistari myekundu. Picha yangu hakuna hata moja. Jina langu lenyewe ni Gardien, eti kila mnara una mlinzi wake. Nimemaliza panya wa nyumba hii nzima, na bado naitwa mlinzi wa kitu ambacho hakipo.

Yeye mwenyewe hajawahi kuona mnara wa kweli. Kutoka hapa hadi baharini ni kuvuka nchi yote. Alizaliwa Kalemie, kando ya ziwa, baba yake akifanya kazi kwenye mashua za mizigo. Anasema mama yake alikuwa akitundika taa mlangoni mpaka baba arudi. Nadhani ugonjwa ulianzia hapo.

Akila chakula cha jioni ananisomesha. Kila mnara, anasema, una namna yake ya kuwaka na kuzimika, ili mtu wa mashua ajue ile ni bandari gani. Mimi nasikiliza kwa ajili ya vichwa vya samaki.

Vichwa vya samaki vilikuwa vinatoka kwa Mama Kavira.

Mama Kavira ni jirani yetu, mjane. Tangu mke wa Mwalimu aondoke, anamletea sahani kila jioni, na mimi ananitupia changu huku akinitukana kwa mapenzi. Jumamosi asubuhi alienda shambani upande wa msitu, pamoja na Kakule, mtoto wa dada yake. Siku hizi watu wengi wameyaacha mashamba ya upande ule kwa kuogopa waasi wa msituni. Lakini maharagi yake yalikuwa yameiva, na alisema hawezi kuyaacha yaoze wakati watu wanalala njaa. Mchana tulisikia risasi. Jua likazama, hawakurudi.

Jumapili Mwalimu hakwenda misa. Alichukua taa yake ya sola, kopo la maziwa alilolitoboa matundu mawili, na mota ya feni aliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa, ya kulizungusha kopo. Akapanda juu ya mabati. Giza lilipoingia, taa ikaanza: mara mbili upesi, kisha kimya. Mara mbili upesi, kisha kimya. Aliniambia kwamba aliyepotea porini ataiona na kujua Beu iko wapi. Watoto wa jirani walikuja na ndoo, wakidhani anatega senene. Mimi nilikula wadudu mpaka nikashindwa kushuka, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza mnara ulinipendeza.

Lakini mimi nimezaliwa Beni. Yeye bado anaishi ndani ya picha zake. Hapa jioni watu wanazima taa. Hatari ikija, tunaijua kwa sufuria: nyumba moja inagonga, ya pili inaitika, mpaka mtaa mzima unalia. Taa inayowaka tu, hiyo ni taa. Taa inayowaka kwa hesabu, juu ya nyumba ya mtu aliyetoka mkoa mwingine, ikitazama msitu, hiyo watu wanasema inaongea na adui.

Jana jioni, taa ikiwa imeanza tena, wakaja. Mbele alikuwa chef wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa, nyuma yake vijana wenye fimbo.

"Mwalimu, ile mwangaza yako inazungumuzaka na nani kule mu pori?"

"Na Mama Kavira, chef. Ili aone njia."

"Batu banaogopa, Mwalimu. Na weye unajua vile batu ya hapa banafanyaka kama banaogopa. Donc, zima."

Mwalimu akaanza kuwaeleza minara. Alisimama mbele ya watu wenye fimbo akaeleza bahari, mashua na bandari, kama yuko darasani. Nilitamani kumziba mdomo kwa mkia. Kijana mmoja akapanda, akaitupa taa chini, mwingine akaikanyaga pamoja na kopo na mota. Chef aliwazuia wasiingie ndani, akasema kabla ya kuondoka: "Utatusamehe, Mwalimu. Ni juu ya kukulinda." Nadhani alisema kweli.

Leo asubuhi Kakule amerudi.

Amerudi peke yake, miguu imevimba. Alikaa kwenye uwanja wetu, watu wakajaa, chef akaitwa. Alinywa maji kwanza, kisha akasema huku akiangalia chini.

"Tulikimbia, tukapotea. Jumapili tukaona mwangaza, mbili mbili. Mama akasema, ile hapana nyota, ile ni batu. Tukafwata. Jana tukafwata tena, lakini mama alikuwa anaumia mugulu, tunaenda polepole. Kisha ikazimika. Mama akakaa chini mu migomba. Akaniambia, weye enda utafute batu, miye ningoye hapa, itawaka tena."

"Migomba ya wapi?" chef akauliza.

"Ilikuwa giza, chef. Migomba iko mingi."

Wale vijana wa jana walikuwepo, na mmoja aliondoka akijifuta uso. Mwalimu aliviangalia vipande vya kopo vilivyobaki kwenye matope. Wanajeshi wamesema njia ya upande ule imefungwa, labda watapita kesho. Nina hasira, na sijui nimkwaruze nani.

Jioni hii chef amekuja peke yake, amebeba betri ya pikipiki yake na balbu.

"Washa, Mwalimu."

Mota haitengenezeki tena. Kwa hiyo Mwalimu amesimama juu ya mabati, mvuani, akiifunika balbu kwa sahani na kuifunua, mara mbili, kisha kimya. Chef anashikilia mwavuli juu ya betri, yeye mwenyewe analowa. Mkono mmoja ukichoka, Mwalimu anahamisha sahani kwenye mwingine.

Kila baada ya muda ananiinamia. "Gardien, unaona mtu?" Anajua paka huona gizani. Nimefungua macho yote. Naona migomba, naona maji yakishuka barabarani, naona mbwa. Naangalia tena, polepole, shina kwa shina, kama ninavyotafuta panya.

Nimeshuka kidogo kuandika haya kwenye simu yake. Sasa narudi juu haraka, maana nikikawia atadhani nimemwona Mama Kavira na nimeenda kumpokea.