Ndovu wa Njia ya Maziwa

Mama, nakuamkia kutoka Endarasha. Huku ni baridi hata saa sita mchana, na lile koti ulilonichekea Mombasa silivui.

Kila asubuhi mimi na mama mkwe tunapeleka maziwa kituoni, kando ya msitu. Karani huandika mlangoni kwa chaki ndovu wameonekana wapi. Mama mkwe hajui kusoma. Akikuta mavi yao njiani, huvua kiatu akayakanyaga kwa mguu mtupu, kisha husema, "Iko baridi. Twende." Tangu nifike hajaniambia mengi zaidi ya hayo.

Leo tukirudi alikanyaga mengine. "Hii iko moto," akasema polepole. "Usikimbie. Pita mbele."

Siku zote yeye ndiye hutangulia. Leo alinitanguliza mimi, akafuata nyuma, na nyuma yake matawi yakivunjika, mpaka tukafika nyumbani. Kisha akaenda kuosha mguu.

Uliniuliza kama ananipenda. Sijamuuliza. Msalimie Baba, na unitumie viungo vya pilau, nataka kumpikia.

Mwanao,
Rehema